Sauti Niliyomwazima Mtume

Jambo lote lilinigharimu koti moja la kijivu, miaka miwili bila kushika mikro, na nyumba thelathini na nane za kuingia nikiwa nimevua kofia. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata thelathini na saba, kwa sababu nilisahau kuhesabu ya kwangu.

Ninyi vijana mnaotafsiri mahubiri hapa Uvira, pasta wenu ameniomba niwaandikie kurasa chache juu ya kazi hii niliyoiacha. Alitaka niandike namna ya kusimama na namna ya kutamka. Nitayaandika hayo, msiwe na haraka. Lakini mimi sitoi kitu bila kupatana: nikiwapa hayo, ninyi mtasoma na haya mengine.

Mkalimani husimama mkono wa kushoto wa mhubiri, nusu hatua nyuma. Si heshima. Wahubiri wengi hupiga hewa kwa mkono wa kulia, na pua yangu imeshajifunza. Mikro ikae vidole vinne kutoka kinywani. Usile ndagala za kukaanga, wale dagaa wetu wa ziwani, kabla ya ibada, koo litakukatikia katikati ya Waefeso. Mhubiri akivuta sentensi ndefu kuliko pumzi yake, mguse kiwiko. Akiendelea, mguse kama mtu aliyekukanyaga. Na usikubali "Mungu atakulipa" kutoka kwa mtu aliyekuja na gari. Mimi nilipatana mfuko wa mchele wa Mutarule, nusu kabla, nusu baadaye, maana nimeona mikutano mingi ikiisha mhubiri akiwa ameshavuka mpaka.

Aliyenifundisha ni Mzee Wilondja wa Makobola. Yeye alianza wakati wa koo tupu, akapitia megafoni iliyokula betri kuliko mbuzi anavyokula majani, akafika kwenye mikro ya waya. Hii yenu isiyo na waya hakuiona. Siku moja mgeni alihubiri juu ya mioyo kuoshwa ikawa nyeupe kama theluji. Hapa kwetu nani ameona theluji? Mzee Wilondja hakusita. Akasema: nyeupe kama unga wa muhogo uliokauka vizuri juani. Mama wote wakatikisa vichwa kukubali. Walijua weupe ule na kazi yake.

Baadaye nilimuuliza, "Muzee, ile haiko kugeuza Neno?"

"Nimegeuza sahani," akasema. "Chakula iko ile ile. Siku utageuza chakula, weye haiko tena mukalimani. Weye iko mupishi."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Lazima mjue nilitoka wapi. Kabla ya kanisa nilikuwa komisionere pale Kavimvira, mpakani, mtu wa kati kwa wanaouza na wanaonunua. Kirundi, Kifuliiru, Kibembe na Kifaransa cha kuombea ruhusa, vyote nilivipata kwa njia hiyo. Mwuzaji kutoka Bujumbura akisema kwa Kirundi, "Huyu mwizi aniondokee hapa," mimi nilimgeukia mnunuzi nikamwambia, "Anasema ongeza kidogo." Mnunuzi akijibu, "Mwambie vitenge vyake vimeoza," nilimgeukia mwuzaji: "Anasema rangi ni nzuri, ila apunguziwe." Biashara ilikwenda. Watu waliagana wakishikana mikono, na mimi katikati nikila pande zote mbili. Sokoni ile ni akili. Nilipoingia kanisani sikuiacha mlangoni.

Ilianza na Yona. Mhubiri mmoja, mtu wa Mungu lakini si wa hesabu, alisema Yona alikaa siku saba tumboni mwa samaki. Nikatafsiri tatu. Hakuna aliyejua. Wiki iliyofuata mwingine alimpa Nuhu watoto wanne. Nikamwondoa mmoja kimya kimya. Ninyi leo hamwezi. Mama wa safu ya tatu ana simu, ameshafungua sura hiyo kabla hujameza mate. Lakini wakati ule nilikuwa nikiwashonea wahubiri suruali zao huku wanatembea, nao walitoka wakiwa wamevaa vizuri. Habari zikaenea: mhubiri yeyote, hata wa kukwama, akipita kinywani mwa Byamungu, yaani mimi, anatoka msomi. Makanisa kumi na moja yalinigombania. Moja lilinishonea koti la kijivu. Walikuwa wakiniita sabuni ya watumishi, na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda.

Tazameni vizuri mahali nilipoteleza, kwa sababu panafanana na wema. Sikuwa nimeongopa bado. Nilikuwa nikisahihisha. Ila kila nilipomsahihisha mtu aliyekuja bila kusoma, niliwanyima watu nafasi ya kuona kwamba hakusoma.

Kisha akaja Mtume.

Simtaji jina, wala kanisa. Alitoka mbali, alihubiri kwa Kifaransa, na alikuja wakati wa kiangazi, robine, mabomba ya mtaa wetu wa Rugenge, zikiwa zimekauka na mama zetu wamerudi ziwani na mabidoni, madumu yao ya maji. Kolera, kipindupindu, ilikuwa imeanza. Ufukweni walisimama vijana wa afya na vibomba vya sindano, wakitia klore, dawa ya kuua vijidudu vya maji, katika kila bidoni lililopita. Maji yalinuka. Watoto walikunja pua, na wanaume walisema chai haina tena ladha ya chai.

Mtume alikuwa mtu wa kupendeza, nasema kwa haki. Alikumbuka majina ya watu. Machozi yake yalikuwa machozi kweli. Sidhani alitudanganya akijua. Nadhani alipenda sana kuona watu wametulia, akaacha kuuliza wametulia juu ya nini. Alhamisi alihubiri kwamba ugonjwa wetu ni hofu. Anayetia klore katika maji aliyoyaombea, akasema, ametia tone la shaka; ameomba bure. Kesho walete mabidoni yao yaombewe, wanywe kwa amani.

Akatafuta mstari wa kushikilia hapo, akakosa. Alisema ni Paulo, akapekua, akarudi nyuma, akapekua tena. Kanisa lilisubiri. Mnajua kimya kile, mtu akikwama mbele ya watu na mikro ikanguruma yenyewe. Mtu wa kati hawezi kuvumilia kimya kile. Mimi mstari niliujua. Hauko kwa Paulo, uko mwisho wa Injili ya Marko, panaposemwa kwamba waaminio hata wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru. Nikautoa wote, sura na mstari, kwa sauti yangu ya Jumapili. Na kwa kuwa watu walikuwa wamenisikiliza vizuri, nikaongeza cha kwangu: "Ziwa hili liliwanywesha babu zetu, leo wajukuu wanaliogopa!"

Mtume hakusema hivyo. Hakuna aliyesema hivyo ila Byamungu wa Rugenge. Kanisa lote lilisimama. Hata mke wangu alipiga vigelegele, na mke wangu si mtu wa vigelegele.

Mezani kwa Mtume siku ile palikuwa na chupa za maji ya dukani. Asubuhi zilikuwa sita. Nilizihesabu mara mbili, mazoea tu. Jioni ilibaki moja. Mtu aliyetuambia tunywe ziwa kwa amani alikuwa amemaliza chupa tano zenye vizibo. Hesabu ilikaa mbele ya macho yangu na sikuijumlisha. Nilifurahi kwamba amebakiza moja, nikaibeba nyumbani.

Jumamosi asubuhi nilisikia mtu anatapika upande wa pili wa ukuta wa mabati. Pale anakaa Mama Feza, jirani yangu wa miaka ishirini, muuza ndagala, na mama yake mzazi, Koko Mwamini, bibi wa mtaa mzima. Nilipoingia, Koko alikuwa kwenye mkeka, ngozi ya mikono imekunjamana kama nguo iliyolowa. Kilichomtoka kilikuwa cheupe kama maji ya mchele. Hapa Uvira hakuna asiyejua maana yake.

"Tumupeleke kwa kituo ya afya, sasa hivi," nikasema.

"Maji yetu iliombewa jana, Papa Byamungu. Koko iko anasafishwa tu."

"Anasafishwa na nini? Angalia macho yake ginsi yameingia. Ile iko kolera."

"Usiite ile jina mu nyumba yangu."

"Mama Feza, ile neno ya klore haikutoka kwangu. Mtume alisema. Minye nilitafsiri tu."

Akaweka kitambaa chini, akanigeukia. "Minye nilisoma mpaka wapi? Mwaka wa pili. Kifaransa ya Mtume ilipita hapa juu ya kichwa kama ndege. Mutu aliniambia niache klore iko weye. Sauti ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Na ile maneno ya babu zetu na ziwa? Mtume alisema?"

Nilitamani kuwa Kavimvira, penye kelele. "Hapana. Niliongeza."

"Uliongeza," akasema. "Kama chumvi."

"Muache kubishana juu yangu," Koko akasema kutoka mkekani, kwa sauti ndogo, "kama vile minye iko mbuzi ya soko."

Nilidhani tumemaliza, nikainama kumwinua Koko. Mama Feza akanizuia kwa mkono. Sasa najua hakuwa mkaidi. Alikuwa ameambiwa na mtu anayemwamini kwamba kutafuta dawa ni kumtilia Mungu shaka, na mtu yule yule alikuwa amesimama mbele yake akisema vingine. Angemfuata nani kati yetu wawili?

"Na Marko? Ile pia uliongeza?"

"Hapana. Marko iko mu Biblia."

"Basi?"

Basi. Nilikuwa nimeutaja mstari ule mbele ya mamia ya watu na sikuwa nimewahi kukaa nao hata dakika tano. Nikachukua Biblia yake pale juu ya kabati, nikausoma bila mikro. Haumwambii mtu aende akatafute sumu ili aonyeshe imani. Nikamkumbusha habari anayoijua tangu utoto: Yesu juu ya paa la hekalu, na Ibilisi anamwambia ajirushe, malaika watamdaka. "Ibilisi pia alikuja na mustari, Mama Feza. Tena alitaja sawasawa kuliko Mtume. Na Yesu alikataa. Alisema usimujaribu Bwana Mungu wako."

Akachukua Biblia yake mkononi mwangu. "Leo unasema hivi kwa sikio yangu moja. Ile siku ulisema kwa mikro."

"Nitasema kwa mikro."

"Lini?"

"Tumupeleke Koko kwanza."

"Lini?"

"Kesho."

"Na wale watakosa kuja kesho?"

"Nitaenda kwao. Nyumba kwa nyumba."

"Apia."

"Kuapa iko zambi."

"Basi nipe mukono."

Nimepatana na watu wa mpakani miaka kumi na minne, na sijawahi kubanwa bei namna ile. Tukashikana mikono. Koko akapanda moto, pikipiki ya kukodi, akakaa katikati, dereva mbele, Mama Feza nyuma akimshika kiuno, na mimi nikafuata kwa miguu, mbio, mtu wa umri wangu, huku wanaonijua wakinisalimia, "Bwana asifiwe, mutafsiri!"

Koko alitiwa chupa tisa za serumu mshipani. Nilizihesabu mara mbili, mara ya pili kwa sababu mikono yangu haikuwa na kazi nyingine. Alasiri akafungua macho vizuri, akamuuliza binti yake kama ndagala zimeanuliwa au wamewaachia kunguru. Mama Feza akaanza kulia hapo, si kabla.

Jumapili Mtume alirudia neno lake la klore. Nikamgusa kiwiko, akanyamaza kunisubiri. Nikatafsiri alichosema, neno kwa neno, bila kupiga pasi. Kisha nikasema: "Hapo ndipo Mtumishi ameishia. Sasa anayesema ni Byamungu. Alhamisi niliwaambia mambo mawili kwa sauti yake. Mstari nilimtafutia mimi, na sikuusoma vizuri. Maneno ya babu zetu na ziwa niliyatunga mimi. Babu zetu walikufa kwa maji haya, ulizeni makaburi. Koko Mwamini ana serumu mkononi. Ombeni, na mtie klore. Mungu hakatazi dawa, na mimi nimekosa mbele yake na mbele yenu."

Mtume hakujua Kiswahili. Aliona kanisa limenyamaza, mama wengine wanafuta macho, akadhani neno lake limeshuka na nguvu. Akainua mikono yote miwili, akapaza sauti, "Amina!" Na kanisa, kwa mazoea, likajibu, "Amina!"

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mke wangu. Wa pili alikuwa mpiga ngoma. Pasta wa pale hakucheka, yeye Kiswahili alikijua. Alikuja akachukua mikro mkononi mwangu, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Jumatatu wakatuma mtu kuchukua koti walilonishonea.

Habari zilipofika kwenye yale makanisa mengine kumi, hakuna hata moja lililoniita kwa miaka miwili. Siwalaumu. Nani anataka sabuni inayosema nguo ilikuwa chafu? Nililima bamia, nikarudi kidogo mpakani. Kisha kanisa moja dogo likaniita, na mhubiri wao, kijana, akanipa mahubiri yake siku mbili mapema, akasema, "Papa, kama kuna uongo ndani, uniambie mimi kwanza." Nilifanya kazi naye mpaka magoti yalipokataa. Ile ndiyo miaka niliyolala vizuri kuliko yote. Mkipata mhubiri wa namna hiyo, msipatane bei naye. Mbebeeni Biblia.

Nyumba nilizitembelea, kama tulivyoshikana mkono. Thelathini na nane zilikuwa na watu waliosikia Alhamisi na hawakuwepo Jumapili, pamoja na ya kwangu, maana shemeji yangu alikuwa amekwishabeba bidoni lililoombewa mpaka chumbani. Wengi walinipokea. Wengine walinitukana kwanza wakanipa kiti baadaye. Mama mmoja hakunitukana. Aliuliza tu, "Ile neno ilinipa usingizi, Papa. Sasa nitalala na nini?"

"Na klore," nikamjibu. Jibu baya sana. Lilikuwa kweli, na lilikuwa baya. Usimnyang'anye mtu faraja ya uongo halafu umwache mikono mitupu.

Aliyepata jibu ni Mama Feza. Klore inataka nusu saa kabla maji hayajanywewa. Yeye alianza kukaa karibu na bidoni lake nusu saa ile nzima akiomba, anataja nyumba moja moja ya mtaa. Jirani mmoja akajiunga, kisha wanne. Leo ukipita Rugenge asubuhi unawakuta, mabidoni katikati, harufu ile ile, na wanaimba. Koko Mwamini huketi kwenye kiti, na nikipita husema kwa nguvu, "Muangalie maji yenu, mupishi anapita!" Nani alimwambia neno lile la Mzee Wilondja, sijui. Nadhani ni mimi. Nacheka naenda zangu. Mtu akitaniwa na koko ambaye yeye mwenyewe alikaribia kumuua, hana haki ya kudai furaha kubwa zaidi.

Ila nyumba moja sijaimaliza. Ni ya Papa Ebondo, mvuvi wa Kalundu. Kwake hakuna klore mpaka leo. Wako watu tisa, na wanakunywa ziwa kama lilivyo. Mwaka huu kiangazi kinaanza, na vijana wa afya wameshasimama tena ufukweni. Nimemwendea mara saba. Hanifukuzi, hunipa samaki. Mara ya mwisho nilimsomea habari ya paa la hekalu yote, mke wake akiwa anasikiliza mlangoni. Akaniacha nimalize, akasema:

"Byamungu, minye si mutu mubaya. Ile siku ya kwanza ulisema muzuri, mpaka nywele yangu ilisimama. Leo unasema kama mutu anasoma facture ya deni. Weye mwenyewe, ungesadiki neno gani?"

Nilirudi na samaki.

Basi ninyi mna sauti changa, mna shule kuliko mimi, na mnasoma mstari kabla ya kuusema. Niambieni nimwambie nini. Maneno matamu msiniletee. Ninayo ya kutosha, na yote ameshayasikia. Nataka neno la kweli ambalo mvuvi anaweza kulipokea asubuhi, mbele ya mke wake, kikombe kikiwa mkononi. Jumamosi ninarudi Kalundu. Anayelijua anitumie kabla ya hapo, au, bora zaidi, aje tuende wote.